Makombe ya Ufuo wa Hoteli

Kufikia saa tatu asubuhi ya siku ya harusi, fundi keki alikuwa amezipaka ghorofa zote tatu sukari nyeupe, na kazi iliyobaki ilikuwa kubandika makombe ya baharini. Yalikuwa arobaini, makombe ya kweli, yamechemshwa na kukaushwa juani. Baba wa bwana harusi, mwenye hoteli, ndiye aliyeyaleta kwa mkono wake.

"Nimeyaokota ufuoni kwangu," alisema.

Fundi aliujua ufuo huo. Mama yake aliokota chaza pale kwa miaka thelathini, na kwa chaza hao alimlea, mpaka hoteli ilipojenga ukuta.

Alianza kubandika kutoka chini. Katika kazi hii hakuwa na mpinzani, naye alijua. Alipofika kombe la ishirini, maji yalianza kuchuruzika kwenye ghorofa ya chini. Akayaonja. Yalikuwa ya chumvi. Saa nne yalikuwa yametanda mezani, yanaipiga ghorofa ya pili kwa mawimbi madogo, na sukari haikuyeyuka hata chembe. Akampigia mama yake simu.

"Mama, leo maji yanajaa saa ngapi?"

"Saa nne na robo. Kwani vipi?"

"Yamejaa kwenye keki."

"Basi yamefika kwa wakati," mama alisema. "Saa kumi na nusu yatakuwa yamekupwa kabisa. Harusi yenyewe ni saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Haya. Ngoja niwaambie wenzangu."

Fundi akabandika makombe yaliyobaki, akavaa viatu vya mpira, akaipeleka keki kwenye ukumbi wa hoteli.

Wageni walipokaa, maji yalikuwa yamewafika vifundoni. Walipandisha nguo zao kidogo wakaendelea kuulizana habari za watoto. Wahudumu walikunja suruali wakagawa vinywaji. Kisha maji yakaanza kurudi nyuma kuelekea kwenye keki, yakaacha mchanga mbichi sakafuni, na chaza kati ya miguu ya viti.

Mama yake fundi alifika na wenzake sita, kila mmoja na ndoo yake. Mlinzi wa getini aliwatazama.

"Agizo nililopewa ni la ufuo," alisema. "La ukumbi sina." Akawafungulia.

Wakapita meza kwa meza wakiwa wameinama. "Samahani mwanangu, inua mguu." Mwanangu anainua, anaendelea na soda yake. Bibi harusi alivua viatu, akauliza chaza mzima anajulikanaje.

"Ukimgusa akafunga mdomo, ni mzima," mama akamwonyesha. Bibi harusi akaokota watano, akawatia ndooni.

Mwenye hoteli alimwendea fundi, suruali imelowa hadi magotini.

"Hawa akina mama wamealikwa na nani?"

"Hawakualikwa, mzee. Wamefuata maji."

Akaangalia saa. "Wawe wametoka kabla ya hotuba yangu."

"Watatoka maji yakigeuka. Hawajawahi kuchelewa."

Na kweli, walitoka kwa mlango wa jikoni, ndoo zimejaa pomoni. Katika hotuba yake mwenye hoteli aliusifu ufuo wake kwa utulivu, kwamba mgeni hasumbuliwi na mtu. Wageni wakapiga makofi, miguu yao mchangani. Keki ililiwa ikaisha. Hakuna aliyesema ina chumvi, kwa sababu haikuwa nayo.

Jumatatu mafundi ujenzi walikuja kuongeza mistari miwili ya matofali juu ya ukuta. Nyundo zao zilisikika hadi jikoni kwa mama, aliyekuwa anakaanga chaza wa mwisho.

"Harusi nyingine pale hotelini ni lini?" aliuliza.

"Mwezi ujao. Binti yao anaolewa," fundi alisema. "Ila safari hii kwenye oda wameandika makombe ya sukari."

"Mangapi?"

"Arobaini."

Mama akageuza chaza kwenye kikaango. "Kwenye arobaini, moja likiwa la kweli nani atajua?"

"Hakuna," fundi alisema, akavuta sahani.