Programu ya Bure Yanunuliwa

Murugi Wamae, mkulima wa Endarasha, aliandika programu ya kupima na kuandikisha maziwa ya wakulima, akaiweka mtandaoni iwe huria: yeyote aichukue, aisome, aibadilishe. Vyama vya ushirika kumi na viwili vikaanza kuitumia, kutoka Kieni hadi Kangema. Kila ilipoharibika, yeye na Salim, fundi wa simu mjini Nyeri, ndio walioitengeneza, baada ya kazi zao.

Serikali ilipotangaza mfuko wa ubunifu wa kidijitali, Murugi aliomba. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Peterson, alimsikiliza kwa upole.

"Sasa madam, kama ni ya bure, sisi tunalipia nini?"

"Kuitunza," alisema Murugi. "Watu wanaitegemea."

Peterson alimweleza kwamba fedha za umma haziwezi kuwekwa kwenye kitu kisicho na bei. Barua ya kumkataa ilimtakia kila la heri.

Miezi minane baadaye, chama chake cha ushirika kilimtuma Naro Moru kwenye mafunzo. Serikali ilikuwa imenunua mfumo mpya wa maziwa kutoka kampuni moja ya Nairobi. Mkufunzi, kijana aitwaye Ken, aliuwasha, ukaonekana ukutani, na Murugi akaona programu yake imepakwa rangi ya buluu. Hata lile kosa la tahajia alilokuwa hajapata muda wa kulirekebisha lilikuwapo. Hakuna aliyeiba, leseni aliyoichagua mwenyewe iliruhusu.

Ken alipokwama kwenye hesabu za mwezi, Murugi alimwelekeza kwa utaratibu mpaka zikatoka. Peterson, aliyekuwa mgeni wa heshima, alipiga makofi. Akasema hiyo ndiyo faida ya kununua kitu bora: hata mkulima wa kawaida anakielewa mara moja.

Murugi aliuliza ni nani angeutunza mfumo huo.

"Hilo haliko kwenye mkataba," alijibu Ken. "Unatunzwa bure na jamii ya mtandaoni."

"Hiyo jamii ni mimi na Salim," alisema Murugi. "Na Salim leo yuko dukani."

Peterson alishauriana na karani wake, kisha akatangaza kwamba serikali inaitambua jamii hiyo, na itaalikwa kwenye kikao kijacho, kwa nauli yake yenyewe.

Murugi hakwenda. Lakini wiki hiyo Kangema waliandika kwamba kilo zao hazijumlishwi sawasawa, akakaa na Salim wakarekebisha. Mfumo wa buluu, uliovuta marekebisho yao mtandaoni, nao ukapona siku hiyo hiyo, na kampuni ikatoa taarifa ikijipongeza kwa huduma ya haraka.