Hayumo Kitabuni

Mbeho alilala kifudifudi mchangani, mkono wake wa kulia umezama kisimani mpaka begani, akikomba maji kwa kibuyu na kuyamimina mtungini. Mto wa Hombolo ulikuwa mkavu tangu mwezi wa saba. Wanawake walichimba kwenye mkondo wake kuyatafuta maji, na kila asubuhi ilibidi shimo lichimbwe upya kwa sababu ng'ombe walilikanyaga jioni. Nyuma yake walisubiri wengine tisa na mitungi yao.

"Fanya haraka, bi harusi wa misheni," mmoja wao alisema, na wenzake wakacheka.

"Harusi ya nani? Mimi naenda kubatizwa."

"Si yale yale? Unaoshwa, unavishwa nguo nyeupe, halafu unapewa mzee wa kumpikia."

Mbeho aliinuka, akajikung'uta mchanga, akajitwika mtungi. Angejibu angechelewa, na leo Jumapili hakutaka kuchelewa. Miaka mitatu alikuwa akitembea kutoka kwake mpaka misheni, kila Jumanne na kila Ijumaa, kujifunza kusoma na kujifunza maswali ya ubatizo. Aliyajua yote bila kutazama kitabu. Aliacha kujipaka udongo mwekundu na mafuta, akaacha ngoma za mavuno, akavua vipuli vya masikioni ingawa ndewe zilibaki zikining'inia tupu, watoto wakimcheka. Juzi walimwambia kwamba jina lake nalo halifai, kwamba ataitwa Ruthu. Hilo lilimkaa kooni siku mbili. Mbeho ni upepo wa kipupwe. Bibi yake ndiye aliyempa, kwa sababu alizaliwa wakati upepo huo unavuma mpaka ng'ombe wanakataa kutoka zizini. Mwisho akalimeza. Alijiambia jina ni nguo, mtu akivua nguo anabaki yeye.

Nyumbani alimkuta shemeji yake Mazengo amekaa mlangoni pa tembe yake, fimbo imelala magotini.

"Mbukwa, shemeji," Mbeho alimwamkia, akautua mtungi.

"Mbukwa. Umeamka salama?"

"Salama."

Mazengo alikohoa. Alikuwa mtu mzima mwenye wake wawili, hakuwa mkorofi, na jambo hili lilikuwa limeshamchosha. "Mwaka wa tatu huu tangu ndugu yangu Matonya afe. Watu wananicheka. Ng'ombe wetu wako kwa baba yako, na wewe uko hapa peke yako kama mtu asiye na ukoo. Nimekuja kusema neno moja tu. Kesho nahamia hapa."

"Hapa ni kwangu."

"Hapa ni kwa ndugu yangu."

"Ndugu yako amekufa Dodoma akiwavunjia Wadachi mawe ya reli," Mbeho alisema. "Jabali lilimwangukia. Nyapara akaleta blanketi lake, lina damu, akalitupa pale ulipokaa. Siku ile ulikuwa wapi? Paa hili nimeliezeka mimi. Udongo nimepanda nao juu mimi, kwa kichwa changu hiki."

"Mwanamke lazima awe wa mtu, shemeji. Sheria hiyo sikuitunga mimi."

"Nikishabatizwa huwezi kunirithi, unajua. Mwenye wake wawili hamuoi Mkristo. Hata akida ameshalisema barazani."

"Basi kabatizwe," Mazengo alisema, akainuka polepole. "Usipobatizwa, kesho nipo."

Mbeho alikula kipande cha ugali wa uwele uliolala, akaoga kwa maji ya kibuyu kimoja, akajifunga merikani yake nyeupe. Njiani alijiuliza, kama alivyojiuliza mara nyingi, kama anamtaka Mungu au anamkimbia Mazengo. Alijichunguza kweli kweli. Kilichomleta misheni mara ya kwanza kilikuwa msiba, lakini kilichomrudisha kilikuwa neno alilolisikia kwa Yotham, mwinjilisti: kwamba siku ya mwisho kila mtu atasimama peke yake mbele za Mungu, mke hatajificha nyuma ya mumewe wala mtoto nyuma ya baba yake, kila mmoja ataitwa na kujibu mwenyewe. Wenzake darasani waliogopa kusikia hivyo. Mbeho alifurahi mpaka akatokwa na machozi. Hakuwahi kuambiwa popote kwamba kuna mahali ataulizwa yeye.

Kanisa la misheni lilikuwa jumba refu la udongo lililopakwa chokaa. Wabatizwa kumi na mmoja walikuwa wamepangwa mstari nje ya mlango. Mbeho alipojiunga nao, Yotham alimfuata na karatasi mkononi. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, shati lake limekosa vifungo viwili.

"Dada, njoo huku. Bwana anakuita."

Bwana wa misheni alikuwa Mwingereza katika nchi iliyotawaliwa na Wadachi wa Ujerumani, na kwa sababu hiyo alikuwa mwangalifu sana. Alikaa barazani na kitabu kikubwa cha ubatizo mbele yake. Kigogo chake, lugha ya wenyeji, kilikuwa kizuri.

"Ruthu," alisema, "baraza la kanisa limekutana jana. Kuna utaratibu mpya. Mwanamke atakayebatizwa lazima awe na mwanamume wa kumsimamia. Baba, au mume, au ndugu aliye Mkristo. Wewe una nani?"

"Baba yangu ni mzee, yuko Kongwa, si Mkristo. Mume wangu amekufa."

"Ndiyo. Tumelifikiria hilo." Alimtazama Yotham, na Yotham akatazama chini. "Yotham ni mtu mwema. Watoto wake wanahitaji mama. Ukikubali kuposwa naye, nakubatiza leo hii, na ndoa itakuwa mwezi ujao."

Kumbe wale wa kisimani walijua kabla yake.

"Na nisipokubali?"

"Tutasubiri. Labda mwakani."

"Bwana, mwakani nitakuwa mke wa tatu wa Mazengo. Ameniambia leo asubuhi."

"Ndiyo maana tunataka kukulinda."

"Kunilinda!" Mbeho alimgeukia Yotham. "Kaka, wewe ndiye uliyenifundisha. Ulisimama pale na chaki ukasema kila mtu atajibu mwenyewe mbele za Mungu. Ulisema hivyo, hukusema?"

"Nilisema," Yotham alijibu kwa sauti ndogo.

"Ulisema wanawake waje na wasimamizi wao?"

"Yale ni mambo ya mbinguni, dada. Hapa duniani kuna utaratibu. Mimi nitakutunza. Sitakupiga."

"Sikutukani, kaka. Lakini kama ningetaka mume, ninaye amekaa mlangoni kwangu na fimbo yake. Huku nilimfuata Mungu. Nikifika nakuta na ninyi mnauliza kile kile: wewe wa nani? Mazengo anauliza, akida anauliza, na Bwana anauliza. Maswali ya ubatizo nimejibu yote. Hilo halimo. Nimesoma kitabu chote, halimo!"

Bwana alichukua kalamu. Hakukasirika, sauti yake ilikuwa ya upole ule ule, na upole huo ndio uliomchoma Mbeho zaidi. "Bado una kiburi, Ruthu. Kiburi ndicho cha kuoshwa kwanza." Akapiga mstari juu ya jina.

"Mimi siyo Ruthu," Mbeho alisema. "Ruthu mmemfuta. Mimi Mbeho."

Kengele ikalia. Mbeho angeweza kwenda nyumbani. Badala yake aliingia kanisani pamoja na wengine na kupiga magoti mwishoni mwa mstari. Hakuna aliyethubutu kumtoa, watu walikuwa wamejaa. Bwana alipita na bakuli, mmoja baada ya mmoja, akichota maji kwa kiganja. Bartolomayo. Sila. Raheli. Alipofika kwa Mbeho alisita kidogo tu, kama mtu aliyeona tope njiani, akazunguka, akaenda kuliweka bakuli juu ya meza. Watu walinong'ona. Mbeho alibaki amepiga magoti, masikio yanawaka moto. Kutoka kwenye mabenchi ya wanawake alisikia mtu akicheka.

Hapo ndipo Anyesi aliposimama. Alikuwa mkunga wa misheni, mama wa makamo mwenye mwili mkubwa, na watu wote mle ndani walikuwa wamewakabidhi watoto wao mikononi mwake. Bwana mwenyewe ndiye aliyemfundisha kubatiza vichanga vinavyozaliwa vikiwa mahututi, usiku asipokuwepo mchungaji, maana maji ni maji na Jina ni Jina, hata mkono ukiwa wa mkunga. Alitembea bila haraka mpaka mezani, akachovya kiganja chake bakulini, akarudi.

"Anyesi," Bwana alisema. "Anyesi, kaa chini. Hiyo ni kwa anayekufa tu."

"Huyu mnamwua, Bwana, sioni tofauti." Akamwinamia Mbeho. "Unaitwa nani, mwanangu?"

"Mbeho."

"Unamsadiki?"

"Namsadiki."

"Nani kakutuma useme?"

"Hakuna. Mimi mwenyewe."

"Mbeho, ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Maji yalikuwa machache, yalimteremka kwenye paji la uso yakaishia kwenye nyusi.

Bwana alisimama na mikono mitupu, amepauka. Alijua, na Anyesi alijua kwamba anajua, kuwa kwa mafundisho yake mwenyewe ubatizo ukishatendeka haufutiki. Alichoweza kukitawala ni kitabu tu. Akakifunga pale kilipowekwa mezani.

"Hili halitaandikwa," alisema. "Na wewe Anyesi, kuanzia leo usiguse mtoto wa misheni."

"Watoto watakuja wenyewe, Bwana. Hawasomi matangazo," Anyesi alisema, ingawa kazi ile ndiyo iliyomlisha.

Walipotoka nje, askari wawili wa serikali walikuwa wamesimama kwenye njia ya kushukia. Mkubwa wao aliitwa Bashiri, mtu wa pwani, kiboko chake cha ngozi kimekunjwa kwapani. Akida alitaka watu wa kufyeka barabara ya Dodoma, maana Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kidachi, angepita wiki hiyo. Makubaliano ya serikali na misheni yalikuwa wazi: waliobatizwa hawachukuliwi Jumapili, wengine wote halali yao. Bashiri aliwapitisha Wakristo huku Yotham akiwataja majina kutoka kwenye karatasi. Mbeho alipofika akanyoosha kiboko kumzuia.

"Huyu je?"

Yotham aliangalia karatasi, akaangalia mlango wa kanisa. Bwana alikuwa amesimama pale na kitabu chini ya mkono.

"Bwana!" Bashiri aliita. "Huyu wako?"

Mbeho aligeuka akamtazama Bwana machoni. Neno moja lingetosha. Bwana alikibana kitabu kwapani, akasema, "Hayumo kitabuni."

"Haya, huku," Bashiri alisema.

Waliwekwa pamoja watu kumi na wanne, wanaume na wanawake, wakapewa majembe na mapanga, wakaswagwa chini mpaka barabarani. Jua lilikuwa utosini na vumbi jekundu lilipanda mpaka puani. Hawajaanza kazi, Mazengo akatokea mbio, mgolole umemvuka begani. Alikwenda kwa Bashiri kwanza, wakazungumza, kisha akamjia Mbeho.

"Nyumba yangu imeshatoa mtu juzi, mwanangu mkubwa. Askari amekubali. Sema tu wewe ni wa nyumba yangu, uondoke sasa hivi."

Mbeho alimwona anavyohema. Mtu huyu alikuwa amekimbia kwa ajili yake, jambo ambalo wenye kanisa hawakulifanya, na hilo lilimwuma.

"Ahsante, shemeji. Siwezi kulisema."

"Kwa nini? Ni maneno tu!"

"Si maneno. Ukirudi kwangu kesho utakuta mlango umefungwa, na nikirudi nitaufungua mwenyewe. Nenda nyumbani, umechoka."

Mazengo alitikisa kichwa, akarudi nyuma, lakini hakuondoka. Alisimama upande wa pili wa barabara.

"Kazi!" Bashiri alipiga ukelele. Majembe yakaanza kulia ardhini. Mbeho alilitazama lake, akaliweka chini taratibu, akakaa kando yake katikati ya barabara, miguu ameinyoosha mbele, merikani yake nyeupe vumbini.

Bashiri alimsogelea. "Una nini? Mgonjwa?"

"Leo Jumapili. Sifanyi kazi."

"Jumapili ni ya Wakristo."

"Ndiyo."

Askari alicheka, akawaangalia wengine wacheke naye. "Nani kasema wewe Mkristo? Mzungu wako amekukana, nimemsikia kwa masikio yangu. Nani kasema?"

"Mimi."

Kiboko cha kwanza kilimpata begani. Hakulia. Cha pili kilichana merikani. Kufikia cha tano alikuwa ameinama, viganja vimeshika mchanga, meno yameuma mdomo wa chini, na ndani yake hapakuwa na sala yoyote, palikuwa na hasira tupu. Lakini alidhani Mungu anaweza kuipokea hiyo hiyo kwa kuwa siku ile hakuwa na kitu kingine cha kutoa. Upande wa pili Mazengo alipaza sauti, "Mwache! Mwache, utamwua!" Kilipofika cha kumi Bashiri alichoka, au aliona haya kwa macho ya watu, akatema mate na kusema basi akae hapo hapo akaushwe na jua.

Alikaa. Wenzake walifyeka kumzunguka, kushoto na kulia. Mzee mmoja alipita akamdondoshea kibuyu cha maji bila kusimama. Jua lilipozama Bashiri alihesabu watu, akawafungia wote kwenye kibanda cha miti kando ya barabara.

Jumatatu, siku ya kazi, mlango ulipofunguliwa na kabla ya amri yoyote, Mbeho alitoka nje akiwa na mgongo uliovimba, akachagua jembe lenye mpini mzima, akaanza kulima barabara ya Wadachi.