Jicho Lililofuata Joto

Makombora kumi na mawili yalikuwa yameshapotelea jangwani, na Bwana Haskell alitumwa kutoka Washington kuja kutufungia kazi. "Moja tu," alisema. "Likikosa, fungeni virago."

Jicho la kombora hilo nililiunda mimi: kipande cha madini kidogo kuliko punje ya mchele, kinachohisi joto, nyuma ya kioo nilichokisugua wiki tatu. Nasema bila haya, jangwa zima la Mojave halikuwa na mikono kama yangu.

"Jicho lako lina chongo, Vernon," alinitania Teague, fundi wa mabawa. "Juzi limekodolea mlima."

"Na mabawa yako? Kuku ana afadhali."

Ndege ya shabaha ilipaa bila rubani, ikiongozwa kwa redio. Kwa kuwa ndege zilikuwa chache, desturi yetu ilikuwa kuifunga mwenge wa baruti kwenye ncha ya bawa. Kombora lifuate mwenge, ndege ipone.

Haskell alicheka. "Adui gani atawawashia taa?"

Merle Stroud, rubani wetu, aliyebeba kombora chini ya bawa la ndege yake, alikuwa maili mbili nyuma ya shabaha aliposema redioni: "Mwenge umezimika. Nirudi?"

"Mwambie arudi," Teague alininong'oneza. "Joto la injini peke yake hatujalijaribu. Kombora halitaona kitu."

Nilimtazama Haskell, na damu ikanichemka. Nikanyakua kipaza sauti cha redio.

"Piga, Merle."

Kombora lilitoka likaenda kombo, kama yale kumi na mawili. Teague akafumba macho. Kisha likasita, likapinda. Hakuna mkono uliolishika, hakuna aliyeliamuru. Lilijikunja angani kama mwewe aliyeona kifaranga, ndege ikageuka nalo likageuka, mpaka likaingia kwenye injini yenyewe. Bawa moja lilishuka polepole, liking'aa juani.

Haskell alivua kofia. "Endeleeni," alisema, kwa sauti ya mtu aliye kanisani.

Merle alipotua tulimkimbilia tumbebe. Hakutuangalia. Alizunguka ndege yake mwenyewe, akasimama mbele ya bomba la moshi, akanyoosha kiganja kupima joto lililobaki.

"Vernon," alisema, "joto hili linazimwaje ukiwa juu?"

"Halizimwi, kaka."

Akatikisa kichwa taratibu, kiganja kikiwa bado hewani.