Nuru Kwenye Pafu la Shangazi

Asubuhi hiyo foleni ya chumba cha eksirei ilikuwa ya kawaida: mguu uliovunjika, mtoto aliyemeza kifungo, na shangazi wa mpiga picha mwenyewe, aliyekuwa akikohoa tangu mvua zilizopita.

"Vuta pumzi, shangazi. Ishike hapo hapo."

"Ningekuwa nayo ya kushika, mwanangu, nisingekuja."

Picha ilipotokea, pafu la kushoto lilikuwa na nukta ya nuru kali kuliko mfupa wowote, na nyuma yake giza lililokwenda mbali, mbali mno. Daktari aliitazama. "Hii si ya kwetu," akasema, akawapigia simu wataalamu wa nyota.

Walikuja wawili. Walieleza kuwa ni kwasari: shimo jeusi katikati ya galaksi ya kale, linalomeza kila kilicho karibu, na kinachomezwa hung'aa kabla ya kupotea. Nuru ile ilianza safari dunia haijaumbwa.

"Basi ni mgeni wa mbali," alisema shangazi. "Msimfukuze."

Akalazwa ili atazamwe. Mchana, mapazia yakishushwa, mpiga picha aliketi naye, mashine ikinguruma kama paka aliyeshiba, chembe za nuru zikitua mojamoja kwenye kioo. Shangazi alisinzia, akasema usingizini kwamba anaona uwanja mpana usio na mtu, wenye joto jema. Mpiga picha naye alihisi kuta zikisogea mbali, na hakutamani zirudi.

Kilichowasumbua wataalamu ni ukungu mweupe mbele ya nuru.

"Vumbi," alisema mmoja. "Huenda ni la galaksi yenyewe."

"Hiyo ni saruji," alisema shangazi. "Nimeshona magunia kiwandani tangu usichana wangu. Wenzangu wote wa chumba cha kushonea wanalo. Yaani waliobaki."

Walimshukuru. Vumbi la karibu halina taabu, walisema. Huondolewa pichani kwa hesabu. Wakaliondoa. Nuru ikabaki safi, nzuri ajabu.

"Na la kifuani?" aliuliza mpiga picha.

"Hilo si la kwetu," walijibu kwa upole.

Shangazi akarudi nyumbani na nuru yake. Jioni wajukuu walilala wamemwegemea kifuani, maana palikuwa na joto.

Jumatatu kiwanda kilituma mtu kumjulia hali, na kuuliza kama binti yake kitindamimba angekitaka kiti chake, maana magunia hayajishoni. Binti alikubali. Shangazi alimfunga kitambaa puani kwa mikono yake mwenyewe, akakaza fundo, akakohoa, akamsindikiza hadi mlangoni.