Bihogo Anarudi Kwao

Séraphine alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yake huko Kadutu, akichambua maharagwe, wakati ng'ombe wa mahari yake alipopanda ile njia ya udongo na kusimama mbele yake. Alimtambua mara moja. Alikuwa Bihogo, yule jike mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda kuelekea jichoni. Ila Bihogo alikuwa ameliwa. Aliliwa kijijini kwao Mudaka, siku ya ubatizo wa Colombe, binti yake wa kwanza, na Colombe sasa alikuwa msichana wa sekondari. Séraphine mwenyewe alikula ini.

Alichukua sinia lake na kuliweka juu ya kabati. Ng'ombe ni ng'ombe, hata kama ameshaliwa, na maharagwe yalikuwa ghali.

Ulikuwa mwezi wa tisa, mwaka wa tisini na sita, na Zaire yote ilikuwa imeshikwa na neno moja: kila mtu kwao. Miaka ya nyuma Wakasai walifukuzwa Katanga, wakapakiwa kwenye mabehewa pamoja na vitanda vyao. Hapa Bukavu, Washi na Warega walikuwa wakipimana kwa macho kila kiti cha ofisi kilipobaki wazi. Sasa ilikuwa zamu ya Wanyamulenge, na mume wa Séraphine, Barthélemy, alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Luvungi, katika uwanda wa Ruzizi, na babu yake amezikwa hukohuko. Lakini redio ilisema kwao ni ng'ambo ya mto, nje ya nchi, mahali ambapo hajawahi hata kunywa maji.

Jambo la kuudhi ni kwamba Barthélemy alikuwa fundi wa redio. Karibu kila redio ya mtaa ule iliyomtangazia aondoke ilikuwa imepita mikononi mwake. Jioni alikuwa akizisikia kutoka kila dirisha, sauti safi, bila mkwaruzo, na kuna siku alimwambia mkewe kwamba angejua asingejitaabisha hivyo.

Hata hivyo walikuwa na mpango. Cyprien, kaka mkubwa wa Séraphine, aliahidi kumficha shemeji yake Mudaka, katika chumba cha nyuma, mpaka wazimu upite. Mtu hamtupi shemeji yake. Hilo Washi wote, watu wa kabila la Séraphine, wanalijua, na Cyprien alilisema kwa sauti mbele ya ukoo.

Lakini Washi wote wanajua pia kwamba mahari ikirudi, ndoa imekwisha. Na Bihogo alikuwa ametoka Mudaka akielekea Luvungi, kwenye zizi la baba yake Barthélemy, alikotolewa zamani. Barabara ya kwenda huko inapita Bukavu, ndiyo maana akasimama mlangoni kupumzika.

Cyprien alifika alasiri ileile, kofia mkononi. Alimtazama ng'ombe, akakubali kuwa ndiye.

"Hatukumutuma, Séraphine," alisema. "Eye mwenyewe njo alitoka. Tuliamuka, tukamukuta anasimama pale tulichinjiaka, akaanza kutembea."

"Hii ngombe tulikula, yaya," Séraphine alimwambia kaka yake. "Weye ulikamata kichwa."

"Nilikamata kichwa, sikatae. Lakini kama anafika kule na banamupokea, Barthélemy haiko tena shemeji yangu. Sasa batu bakiniuliza, ntasema naficha nani?"

Séraphine alimwambia kwamba atasema anaficha mtu. Cyprien alifikiri kidogo, kisha akajibu kuwa hilo lisingetosha.

Basi Séraphine akamfunga Bihogo kwenye mparachichi kwa kamba mpya. Asubuhi kamba ilikuwa bado imefungwa vizuri, fundo halijaguswa, na Bihogo alikuwa barabarani akicheua. Alimrudisha. Bihogo akatoka tena. Jirani yake, maman Georgette, alikuja na kikombe kuuliza kama kuna maziwa. Yalikuwepo, tena mazito. Georgette akanywa, akajipangusa mdomo, akasema ng'ombe hana kosa, anatii tu amri kama sisi wote. Séraphine alitamani kumnyang'anya kile kikombe. Alichoka na watu wanaokunywa huku wakitoa hukumu.

Barthélemy ndiye aliyemwambia aache kushindana na mnyama. Mahari hairudi kwa miguu ya ng'ombe peke yake, alimkumbusha. Lazima mwenye zizi atoke, ashike kamba, akubali. Na mwenye zizi ni baba yake, mzee Raphaël, anayempenda Séraphine kuliko anavyompenda yeye.

"Uiache iende," alisema. "Papa hatashika ile kamba. Ataipiga fimbo, itarudia huku. Kisha Cyprien hatakuwa na maneno."

Ilikuwa hesabu nzuri. Waliituma kwa Cyprien, naye akaisifu. Akasema atangoja jibu la Luvungi, na jibu likiwa jema atakuja mwenyewe kumchukua shemeji yake. Bihogo akashuka kuelekea Ngomo, njia ya Luvungi, akifuata ukingo wa barabara ili malori yapite.

Wakangoja. Barthélemy aliendelea kutengeneza redio, maana hata wiki ile watu hawakuacha kumletea. Jumapili, misa ya pili ilipokuwa inatoka, vijana wa mtaa walipanda ile njia wakiwa na lori. Jua lilikuwa linawaka na kila mtu alikuwa amevaa nguo nzuri. Walimwita Barthélemy kwa jina, kwa adabu, maana wengine aliwajua tangu wakiwa wadogo. Séraphine aliwaambia kwamba kesi haijaisha, ng'ombe bado yuko njiani. Walimwelewa kabisa, lakini walisema lori nalo halina muda. Alishika mkono wa mumewe mpaka mtu akaja kuvitoa vidole vyake kimoja kimoja. Lori likashuka naye. Mlangoni ilibaki redio ya maman Georgette, imefunguliwa tumbo.

Bihogo alirudi baada ya hapo, kwato zimepasuka, manyoya yananuka moshi. Wachuuzi waliotoka uwandani walieleza. Alifika zizini kwa mzee Raphaël, akasimama kwenye lango, akangoja. Zizi lilikuwa limeungua na nyumba pia, na hapakuwa na mtu wa kushika kamba wala wa kumpiga fimbo. Aliko mzee hakuna aliyejua. Ng'ombe akalala pale langoni, kisha akageuka.

Ukoo ulikaa kikao uani kwa Séraphine, wakanywa maziwa. Habari ya lori wote waliijua, lakini kikao kilikuwa cha mahari. Walichambua jambo hilo kwa makini sana, kuliko walivyowahi kuchambua jambo lolote mwaka ule. Wakakubaliana wote: mahari haikupokelewa, kwa hiyo ndoa ipo. Barthélemy ni shemeji, na asiyekubali atapambana na Cyprien. Cyprien alisimama. Alisema kweli alikuwa na furaha, na uso wake ulionyesha hivyo.

"Sasa umwambie akuje," alisema. "Chumba iko tayari. Nilishafagia."

Hasira ilimjaa Séraphine mpaka masikioni. Akachukua kikombe mkononi mwa Cyprien na kumwaga maziwa yaliyobaki chini. Walisema ni uchovu.

Mwaka uliofuata hata Zaire yenyewe ilirudi kwenye jina lake la zamani. Barthélemy hakurudi. Chumba cha Mudaka kinafagiwa kila Jumamosi, na Cyprien hukionyesha kwa kila mgeni. Bihogo yuko Kadutu, chini ya mparachichi, hafungwi kamba na haendi popote. Séraphine humkama kila asubuhi, kwa sababu asipokamwa analia, na majirani hulalamikia kelele.