Mgeni Aliyechelewa Mazoezi

Katika kwaya ya Mount Druitt, mtaa wa jiji la Sydney, anayechelewa mazoezi huosha masufuria ya chakula cha pamoja, hata awe nani. Jumamosi hiyo alichelewa Nilgün Sarp, mwimbaji wa roki kutoka Uturuki, ambaye mapato ya matamasha yake yalikuwa yamejenga shule nyingi za watoto wakimbizi. Alikuja kuimba na kwaya katika tamasha la kesho yake, ili mtaa upate pesa za kujenga chekechea.

Mama Katungu, kiongozi wa kwaya, alikaza uso. Akimsamehe, kanuni imekufa. Akimwadhibu, huenda chekechea ikapotea.

"Mimi treni iliponichelewesha niliosha," Moïse, mmoja wa waimbaji, akanong'ona. "Au masufuria yanachagua watu, Mama?"

Katungu akamweleza mgeni kanuni kwa Kiingereza. Nilgün akacheka, akavua pete zake.

"Mama yangu alikuwa mpishi wa harusi Izmir. Sauti hii ilikwaruzika jikoni kwake, nikiimba huku nikiosha masufuria."

Baada ya chakula alisugua ukoko wa ugali huku akiimba, na kwaya nzima ikamwitikia kutoka mlangoni. Katungu akaikagua sufuria ya mwisho, akaifunika.

"Adhabu umeimaliza, dada yangu. Kesho tukaiimbie chekechea, nawe uje mapema."