Meza ya Maoni

Saa tatu kasorobo asubuhi mpishi wa chai wa Jumuiya ya Wakurugenzi alipanga vikombe ishirini na vinne kwenye kikapu cha baiskeli, akazifunga chupa mbili za chai kwenye keria kwa mpira wa tairi, akaanza kugawa. Zamani aliigawa chai hiyo kwa miguu, akiizunguka meza mara moja na kurudi jikoni kabla birika halijapoa. Siku hizi meza ilikuwa na urefu wa hatua mia tatu na tisini, na mkurugenzi wa mwisho alikuwa amelalamika kwa barua kwamba chai inamfikia vuguvugu.

Meza ilianza kurefuka katika kikao cha kwanza baada ya janga. Bwana mwenye kiwanda cha saruji alisema uchumi umeanza kupona, ikaongezeka hatua tatu. Alipotaja asilimia sabini, ikaongezeka kumi. Fundi seremala aliitwa. Akalala chali chini yake, akatafuta kiungo kwa vidole, hakukipata. Ubao ulikuwa uleule mmoja. Alidai nauli yake, akaenda zake. Wakurugenzi walikubaliana kwamba, kwa kuwa watu walikuwa bado wanatakiwa kukaa mbalimbali, nafasi zaidi haikuwa hasara.

Kila baada ya miezi mitatu walikutana kutoa maoni yao juu ya mambo matatu: uchumi, siasa, na kupona baada ya janga. Maoni hayo yalipelekwa magazetini, serikalini na kwa wakopeshaji wa ng'ambo. Ukuta wa mashariki ukabomolewa. Meza ikatoka nje, ikapita kwenye maegesho ya magari, ikavuka barabara. Ikajengewa paa la mabati na kuwekewa vipaza sauti kwenye nguzo. Askari wa barabarani aliwekwa pale na kiti chake, akawa anawaambia madereva wazunguke.

Kwenye mwisho wa meza, ng'ambo ya barabara, ndipo wageni walipoingilia. Mlango ulio nyuma ya mwenyekiti ulikuwa wa wanachama tu.

Mama Pasi alifika hapo mapema. Jina hilo alipewa hotelini, alikopiga pasi miaka kumi na tisa. Hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alitembea hatua nne kwenda na nne kurudi, akiilaza barua juu ya meza, akiinyoosha kwa kiganja, kisha akiichukua tena. Barua zilikuwa arobaini na moja, za wanawake arobaini na mmoja wa chumba cha kufulia, lakini maneno yalikuwa mamoja, kwa hiyo alikuja na yake tu. Ilisema: "Utaitwa kazini hali itakapotengemaa." Chini yake palikuwa na sahihi ya mwenye hoteli, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Jumuiya.

Hoteli ilikuwa imejaa tangu mwaka uliopita. Shuka zilifuliwa na vibarua wa siku, ambao majina yao hayakuandikwa popote. Mama Pasi alitaka jambo moja: mwenyekiti aulizwe, kikao kikiwa kimekaa, kama hali imetengemaa. Akisema ndiyo, wanawake wote wanarudi kazini. Lakini kwa desturi ya Jumuiya, ombi halipokelewi mpaka mwombaji aliweke mbele ya mwenyekiti kwa mkono wake mwenyewe, wakati wa Mengineyo, ambayo yalipewa dakika kumi. Mara mbili alikuwa amejaribu.

Katibu alikuja kumwandikisha. Alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Shemeji, leo umevaa raba."

"Vile vingine vimeshindwa na meza yenu."

"Si yangu. Mimi naandika tu."

"Kikao kilichopita uliandika nini juu yangu?"

"Niliandika, mgeni alikuwa njiani."

"Na kile cha kabla yake?"

Katibu akatazama kalamu zake. "Njiani."

"Basi mimi nimekuwa mjumbe wa njia." Mama Pasi akageuka, akaenda hatua nne, akarudi. "Hebu niambie. Wakinyamaza, meza inasimama?"

"Inasimama. Lakini hawa wananyamaza lini? Hata wakitafuna wanatoa maoni."

"Hata kwa ajili ya marehemu?"

Katibu akaacha kuandika.

"Kaka yako," Mama Pasi akasema. Mumewe alikuwa dereva wa hoteli ileile, akafariki katika mwezi wa pili wa janga baada ya kuwapeleka wageni wa mwisho uwanja wa ndege.

"Katiba inaruhusu dakika moja," alisema Katibu. "Haijawahi kuombwa."

"Wewe iombe. Mengine niachie mimi."

Kikao kilifunguliwa saa tatu unusu. Bwana Saruji alitangulia, kama kawaida yake.

"Uchumi unakwenda vizuri," sauti yake ikatoka kwenye nguzo zote. "Unakwenda vizuri, ila haujafika."

Hatua tatu.

"Imani ya wawekezaji imerudi kwa asilimia themanini na mbili," alisema mwenye benki.

Hatua kumi. Askari wa barabarani akakisogeza kiti chake.

Walipofika kwenye siasa alisema mama mwenye mashamba ya maua. "Uchaguzi ni mwakani. Sisi hatuna upande. Tunachotaka ni utulivu."

"Utulivu wa upande gani, dada?" akauliza mwenye mabasi.

"Wa upande utakaoshinda."

Wakacheka. Kicheko hakikuongeza kitu, ila maoni yaliyokifuata yaliongeza hatua ishirini na sita. Kisha mwenyekiti akazungumzia kupona. Alisema hoteli zake zimejaa mpaka wageni wanarudishwa mlangoni, na kwamba yeye binafsi angependa magazeti yaandike bila kumung'unya maneno: hali imetengemaa. Mama Pasi aliyasikia vizuri, akasimama tuli kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Lakini maneno yanayosemwa bila ombi kuwa mezani huhesabiwa kuwa maoni tu, na meza ikaongezeka hatua kumi nyingine.

Ilipofika zamu ya Mengineyo, meza ilikuwa imefika hatua mia nne na sitini, na wakurugenzi walikuwa bado wana nyongeza ndogo. Nyongeza ndogo ndizo zilizokuwa ndefu kuliko zote. Mama Pasi alikuwa na miaka hamsini na minne, na magoti yaliyoharibiwa na kusimama. Alimwendea mpishi wa chai.

"Kaka, niazime baiskeli."

"Utarudi nayo saa ngapi?"

"Dakika moja kwenda. Kurudi sijui."

Mpishi wa chai akashusha chupa.

"Mheshimiwa mwenyekiti," ilisikika sauti ya Katibu, kavu kidogo. "Kwa mujibu wa katiba naomba dakika moja ya ukimya kwa ajili ya waliofariki katika janga."

Hakuna aliyeweza kukataa. Viti vilisogea, wakurugenzi ishirini na wanne wakasimama, wakainamisha vichwa. Meza ikatulia.

Mama Pasi akakanyaga pedali. Sauti pekee iliyosikika ilikuwa ya mnyororo, ambao haukuwa na mafuta. Alipita barabara, askari akampisha. Alipita magari ya wakurugenzi, yote yakiwa yameoshwa. Mwenye benki alikuwa anatazama saa yake. Mama wa maua alikuwa analia kweli, maana alimzika dada yake wakati ule na hakuna aliyeruhusiwa kwenda mazikoni zaidi ya watu watano. Mwenye mabasi alifungua jicho moja, akakivuta kiti chake ili apite. Alipouvuka ukuta uliobomolewa alihisi ubaridi wa kiyoyozi usoni, na magoti yake yalikuwa yanamwambia mambo ambayo hakuwa na wakati wa kuyasikiliza. Zikiwa zimebaki sekunde nne, aliilaza barua mbele ya mwenyekiti na kuiwekea kiganja juu.

"Asanteni, tukae," alisema mwenyekiti. Akaiangalia barua. "Hii ni sahihi yangu."

"Ndiyo, mzee."

"Nawe nakukumbuka. Wewe ndiye uliyekuwa unajua kola. Siku hizi kola zangu zinalala."

"Pole, mzee. Naomba kuuliza: hali imetengemaa, au haijatengemaa?"

Kipaza sauti kilikuwa wazi, na swali likaenda mpaka ng'ambo ya barabara. Mwenyekiti alikuwa mtu wa utaratibu. Aliifikiria barua, akawafikiria wanawake arobaini na mmoja, na akafikiria pia hoteli zake mbili nyingine, ambako barua kama zile zilikuwa zaidi ya mia.

"Swali zuri," akasema. "Tusikie maoni ya wajumbe."

"Imetengemaa," alisema mwenye benki, "kwa maana ya jumla."

Safari hii meza ilirefukia palepale, kati ya barua na kifua cha mwenyekiti. Sakafu ilikwenda pamoja nayo. Mama Pasi hakulazimika kupiga hatua; alisimama tu, kiganja kikiwa juu ya barua, akirudishwa nyuma pamoja na baiskeli.

"Kutengemaa ni safari," alisema Bwana Saruji. "Mimi nasema asilimia sitini, ukitoa mishahara."

"Tusubiri uchaguzi upite," akasema mama wa maua, akipangusa macho.

"Kama imetengemaa, waiteni hao akina mama," alisema mwenye mabasi.

Kwa maneno hayo meza haikurefuka hata shibiri moja. Wenzake wote wakageuka kumtazama. Akakohoa, akasema alikuwa anatania, na ikarefuka hatua tatu.

Maoni yaliendelea mpaka dakika kumi za Mengineyo zikaisha. Azimio lilisomwa Mama Pasi akiwa chini ya mabati, karibu na askari: hali imetengemaa kwa wawekezaji, na inaendelea kutengemaa kwa wengineo. Makofi yakapigwa. Yalimfikia yakiwa yamechelewa kidogo.

Katibu alikuja kumwekesha sahihi ya kuondoka, akipangusa jasho, kwa kuwa kutoka kwa mwenyekiti mpaka pale ilikuwa sasa hatua mia sita na kitu.

"Nimeandika, mgeni alifika."

"Umefanya vizuri, shemeji. Kikao kijacho niombee dakika mbili."

"Dakika mbili haziombwi hivihivi. Ni mpaka afariki mwanachama."

"Na katika janga lote alifariki mwanachama gani?"

Katibu hakuwa na haja ya kufungua jalada. "Hakuna hata mmoja."

Mama Pasi akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya sukari. Aliikunja barua, akaitia kwenye mkoba, akamwona mpishi wa chai anakuja kwa miguu kuifuata baiskeli yake.

"Kaka, hii ina gia?"

"Haina, mama. Ila breki zake ni nzima."

"Breki," alisema Mama Pasi, "zing'oe."